Mashine ya Boti Imekufa: Fundi Anayeanza Aanzie Wapi?

Mashine ya kwanza anayokabidhiwa fundi mchanga huwa imeshapita mikononi mwa watu wengi. Nahodha amejaribu, mabaharia wamejaribu, jirani anayetengeneza bodaboda naye amepitisha spana. Inakufikia kava iko upande wake, kabureta imefungwa kwenye mfuko, na bolti zimo ndani ya kopo, tena pungufu. Mwenyewe anakwambia, "Fundi, hii ilikuwa nzima kabisa, imezima tu." Utaisikia kauli hiyo karibu kila kazi. Usiibishie, lakini usiiamini. Ni nadra mashine ya boti kufa ghafla. Mara nyingi ilikuwa ikitema maji kwa kusuasua tangu wiki zilizopita, au ikilegea kila ilipobeba nyavu zilizolowa, na watu wakaendelea kuvuta kamba kwa sababu samaki walikuwa wanapatikana.

Ndiyo maana nashauri spana zikae kwanza. Anayeanza akiona mashine iliyoharibika hutamani kuifungua palepale. Kufungua ni rahisi na mbele ya watu kunaonekana ndiyo kazi yenyewe. Tatizo ni kwamba kila kitu unachokifungua kabla ya kupima kinaondoka na ushahidi wake. Pistoni iliyoungua unaweza kuibadili kwa siku moja. Kama hukujua kilichoiunguza, ile mpya nayo itaungua, na safari hiyo lawama ni yako.

Anza kwa kuuliza, na umuulize nahodha, si tajiri. Tajiri alikuwa nyumbani. Tena mvute nahodha pembeni, maana mbele ya mwenye chombo hatasema kwamba siku ile oili iliisha wakaweka petroli tupu. Muulize: ilizima ikiwa mbio au ilipokuwa ikiwashwa? Ilikata mara moja, au ilipungua nguvu taratibu hadi ikasimama? Kabla ya kuzima ilikuwa inatema maji, na maji yalikuwa ya vuguvugu au ya moto? Nani alichanganya mafuta, kwa kipimo gani? Chombo kilipinduka? Mashine iliyokata mara moja bila kelele mara nyingi ina shida ya umeme. Iliyopungua taratibu huku ikinuka joto, fikiria maji ya kupozea au oili. Iliyozima, ikawaka, ikazima tena, anzia kwenye mafuta.

Kama una nafasi ya kuchagua mashine ya kujifunzia, chukua yenye mchanganyiko wa petroli na oili na kabureta za kawaida. Yamaha Enduro 40 ambayo wavuvi wetu wa pwani wanaijua vizuri ni mwalimu mzuri: silinda mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 703, kila kitu kinaonekana kwa macho na vipuri vinapatikana. Mashine mpya zenye sampo ya oili, vali na mafuta yanayoongozwa na kompyuta zitakuja baadaye. Anayeanza na hizo hufundishwa na bahati tu.

Sasa vipimo. Chomoa waya za plagi, zifunge kwenye bodi ya mashine ili umeme upate pa kushukia, kisha toa plagi zote na uzipange ujue ipi ni ya juu na ipi ya chini. Zitazame vizuri. Plagi ya kahawia ilikuwa inafanya kazi vyema. Nyeusi na yenye unyevu ilikuwa ikipata mafuta mengi au haipati moto. Nyeupe kama chokaa ilikuwa na joto kupita kiasi. Ukiona vipunje vinavyong'aa vya rangi ya fedha, hiyo ni alumini ya pistoni, na jibu umeshalipata kabla ya kufungua hata bolti moja. Yenye kutu imeingiwa na maji.

Baada ya hapo, huku plagi ziko nje, zungusha flaiwili kwa mkono kuelekea inakozunguka mishale ya saa, ukiitazama kutoka juu. Usiirudishe nyuma, kwa sababu mabawa ya impela yamelala upande mmoja. Ikizunguka laini, vizuri. Ikigoma mahali palepale kila mzunguko, acha. Ikiwa haizunguki kabisa, mimina oili kidogo ya injini za boti kwenye matundu ya plagi, iache hadi kesho yake, halafu ujaribu tena kwa upole. Wapo wanaochukua bomba refu na kuilazimisha. Pistoni iliyoshika kwa kutu ingeweza kuachia yenyewe kwa oili. Ukiilazimisha, konrodi inapinda.

Ikizunguka, pima kompresheni. Geji yake si ya bei kubwa, na kwa maoni yangu fundi anayeanza aimiliki hata kabla ya seti kamili ya soketi. Fungua mafuta hadi mwisho kwenye mkono, vuta kamba mara kadhaa hadi mshale ukome kupanda, andika namba, hamia silinda ya pili. Tofauti ya silinda na silinda isizidi kama asilimia 10. Kwa mashine nyingi za aina hii, psi 100 na kuendelea ni habari njema. Ikishuka chini ya 90 ujue ndani kuna jambo. Silinda moja ikiwa dhaifu, tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime upya. Namba ikipanda, ringi au kuta za silinda zimechoka. Ikibaki ilipo, tazama gasketi ya hedi au hedi yenyewe.

Moto wa plagi upime kwa kifaa chake cha kupimia, au kwa plagi mpya iliyogusishwa chuma cha bodi, mbali na tundu la silinda. Wapo wanaoungua kwa kupuuza hilo, maana kwenye tundu hutoka mvuke wa petroli na cheche iko sentimita chache pembeni. Moto ukikosekana, usikimbilie kusema koili imekufa. Angalia kwanza swichi ya kuzimia na kile kipande cha usalama kinachofungwa kwa kamba kwenye mkono wa nahodha. Kisha fuata waya hadi mwisho. Chumvi hula shaba ndani ya plastiki, nje waya ukaonekana mzima.

Mafuta yana mambo yake. Chukua kidogo kutoka chini ya tangi, weka kwenye chupa ya kioo, tulia. Maji yatakaa chini, mafuta juu, na mpaka wake unaonekana wazi. Kama bado kuna petroli ileile kabla ya kutiwa oili, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka, iliyotiwa mafuta ya taa huacha alama ya mafuta. Tanzania uchakachuaji ulifika mahali EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, lakini petroli inayouzwa kwa madumu ufukweni imepita mikono mingi baada ya kutoka kituoni. Mafuta ya taa ndani ya petroli hufanya mashine igonge, na kugonga kwa muda mrefu hutoboa kichwa cha pistoni.

Mashine iliyozama

Hapa taratibu zote za subira zinabadilika, kwa sababu adui si maji, ni hewa inayofuata. Chuma kilicholowa maji ya chumvi kikipata hewa huanza kutu mara moja; beringi za krenki zinaharibika ndani ya saa chache. Mashine ikitolewa baharini, kama ina betri ondoa waya zake kwanza, kisha imwagie maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, kila mahali. Toa plagi, ielekeze matundu chini, zungusha flaiwili taratibu maji yatoke. Mwaga bakuli za kabureta, tupa mafuta yote yaliyokuwa kwenye mpira na tangi. Ukishamaliza kutoa maji, mimina oili kwenye silinda na kwenye mdomo wa kabureta huku unazungusha, ili ifike kwenye krenki. Kausha sehemu za umeme. Weka plagi mpya, mafuta mapya, iwashe ndani ya pipa siku ileile, na ikikubali iache ichape angalau nusu saa ili joto limalizie unyevu.

Je, kama siku ileile haiwezekani? Umeme hakuna, plagi hakuna, usiku umeingia. Izamishe tena. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini utaratibu huu umo hata katika vitabu vya watengenezaji wa zamani: ioshe, iweke yote ndani ya pipa la maji baridi yasiyo na chumvi, ifunike, iache humo hadi utakapokuwa tayari kuishughulikia. Ndani ya maji haipati hewa. Mashine iliyolala pipani hadi asubuhi ina nafasi nzuri kuliko iliyolala mchangani ikikauka.

Kuna tofauti moja ya kuzingatia. Mashine iliyozama ikiwa imezimwa unaweza kuiokoa kwa hatua hizo. Iliyozama ikiwa mbio ilimeza maji, na maji hayabanwi. Huenda konrodi imepinda. Ndiyo ile inayogoma mahali palepale ukiizungusha. Na kama ilizama kwenye mchanga au tope, usiiwashe kabisa hata ikizunguka laini. Hiyo ni ya kufunguliwa yote.

Mashine iliyonoki

Basi umepima, namba zimesema imenoki, yaani imeharibika ndani, na sasa lazima ufungue. Kikwazo chako cha kwanza hakitakuwa pistoni, kitakuwa bolti. Bolti ya chuma ndani ya bodi ya alumini, miaka kadhaa ya chumvi katikati: zinaungana. Bolti ikikatika ndani ya bloku inaweza kukuchukua muda mrefu kuliko kazi nzima iliyobaki. Zinyunyizie mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mafupi. Pasha moto alumini inayoizunguka, si bolti yenyewe, baada ya kuhakikisha petroli haipo karibu. Ikianza kusogea, iendeshe mbele na nyuma, nyuma na mbele. Ukihisi inalainika kama mpira, simama: inajinyonga. Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili huparua kona za bolti iliyoliwa. Flaiwili nayo ina chombo chake cha kuivutia. Anayeigonga krenki kwa nyundo ili flaiwili itoke anajitafutia krenki nyingine.

Piga picha kwa simu kila hatua. Bolti za kila sehemu ziwe na kopo lake.

Ukiishika pistoni mkononi, isome kabla ya kuiweka kando. Michubuko upande wa tundu la moshi peke yake inaeleza joto, au mafuta haba kwa sababu jeti ya kabureta iliziba. Michubuko mviringo mzima inaeleza oili kukosekana. Tundu katikati ya kichwa: mgongano wa moto, mafuta mabaya au hewa inayovuja kuingia ndani. Hewa hiyo mara nyingi hupitia sili ya krenki iliyochoka, na wanaobadili pistoni bila kubadili sili hurudi kwenye kazi ileile. Kama silinda moja tu imeumia, jiulize ile ina nini ambacho mwenzake hana. Zote mbili zinakunywa kwenye tangi moja, kwa hiyo oili iliyokosekana ingeumiza zote. Moja peke yake inakupeleka kwenye kabureta yake, sili yake, au njia ya maji inayoipitia.

Silinda iliyochubuka kidogo kwa alumini iliyoganda inaweza kusafishwa. Iliyochimbika, ambapo ukucha unakwama ukipita, ipeleke karakana ikabolewe, na ununue pistoni ya saizi iliyoongezwa, ya milimita 0.25 au 0.50. Nunua pistoni kwanza, mpe anayeboa aipime; usiboe halafu ukatafute pistoni. Katika kununua vipuri nina msimamo mkali kidogo. Propela, kava, hata hozi, nunua za bei nafuu ukipenda. Ringi, beringi, gasketi ya hedi na impela, usithubutu kuchukua feki. Sanduku lenye chapa nzuri halitoshi: linganisha kipuri na kile cha zamani, pima uzito mkononi, tazama maandishi yalivyochongwa.

Wakati wa kufunga kuna mambo manne yanayowakamata wengi. Pistoni za Yamaha zina neno UP juu yake, na neno hilo hutazama upande wa flaiwili. Ringi za mashine hizi haziruhusiwi kuzunguka: kila mfereji una kipini kidogo, na mdomo wa ringi lazima ukae pale penye kipini, la sivyo unaivunja unapoiingiza. Klipu za pini ya pistoni zisitumike mara ya pili. Na baadhi ya mashine zina sindano za beringi zisizofungwa pamoja. Zihesabu zikitoka, zihesabu zikirudi, maana moja iliyobaki ndani ya krenki inatosha kumaliza kila kitu. Hedi iwe imenyooka: ilaze juu ya kioo kinene chenye msasa laini wa namba 400 hadi 600, uisugue kwa mzunguko, utaona palipopinda panabaki peusi. Bolti zake zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu.

Usiiweke mashine kwenye boti kabla ya kushughulikia maji. Impela ya mpira iliyo kwenye mguu ndiyo inayovuta maji ya kupozea, na ndiyo muuaji wa kimya wa mashine nyingi. Ikiwashwa bila maji inaungua kabla hujamaliza kusema "imekubali", kwa hiyo hata jaribio la sekunde chache lifanyike ndani ya pipa. Ukiikuta imekatika mabawa mawili, usifunge mpya hadi uyapate yale mawili. Yamepanda na maji, yamekwama kwenye bomba au kwenye njia za bloku, na yataizima mashine yako mpya kama yalivyoizima ya zamani. Toa pia themostati, loweka kwenye siki, chumvi ilegee. Mafundi wengi huitupa kabisa. Siungi mkono, kwa sababu mashine inayokwenda baridi hujaza masizi na kuchafua plagi.

Ukiwa hapo chini, fungua skrubu ya oili ya giaboksi. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na asilimia kubwa ya mara hizo mkosaji ni mshipi wa nailoni uliojisokota nyuma ya propela ukakata sili. Toa propela, uondoe mshipi, badili sili. Oili mpya hujazwa kutokea tundu la chini hadi imwagike tundu la juu. Funga la juu kwanza, ndipo la chini.

Siku ya kuwasha, changanya mafuta mwenyewe. Kwa mashine nyingi za aina hii kipimo cha kawaida ni 50 kwa 1, yaani nusu lita pungufu kidogo, mililita 400, kwa dumu la lita 20. Mashine iliyofungwa upya inataka mara mbili yake, mililita 800, kwa saa 10 za kwanza, na iwe oili ya injini za boti, si ya pikipiki. Ichape polepole ndani ya pipa, ukitazama maji yanavyotoka. Kisha baharini, karibu na ufukwe, bila mzigo, bila kuiachia mbio hadi mwisho.

Kilichobaki ni tajiri. Kabla ya kufungua mwandikie vipuri unavyotarajia, umwambie wazi kwamba orodha inaweza kurefuka baada ya kuona ndani; akipewa habari hiyo mwishoni ataiita wizi. Vipuri vya zamani mrudishie mkononi. Na kama ni watu wa dagaa, kazi kubwa ziombe wakati wa mbalamwezi. Taa hazivuti dagaa mwezi ukiwa mpevu, boti zimelala, hakuna wa kukusimamia kichwani akitaka mashine iingie maji leo jioni. Kazi ya kunoki iliyofanywa kwa haraka ya giza la mwezi hurudi.

Unapomkabidhi nahodha, mpe kikopo cha kupimia chenye alama ya mililita 800 na nyingine ya 400, mwambie aioshe mashine kwa maji yasiyo na chumvi kila akirudi, na mpange siku ya kukuletea uikague saa 10 zikishatimia. Mpaka siku hiyo asivuke nayo mkondo, na makasia yabaki ndani ya boti.